Mabati ya Ogola

"Rudisha," Bonareri alisema.

Ogola alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa ametembea kando ya mkokoteni wa ng'ombe tangu Londiani, pale garimoshi liliposhusha mabati, na njia nzima alikuwa akiuwaza uso wa Bonareri utakavyochangamka. Alimwona akicheka. Alimwona hata akilia kidogo, maana mwanamume akishapenda hujiruhusu kuota mambo mengi. Neno hilo moja hakuliota kabisa.

"Nirudishe nini?"

"Hii mabati. Yote. Rudisha mahali umetoa."

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Ukungu wa Kedowa ulikuwa bado umelalia mashamba, na watu walikuwa wameanza kupanda kilima kwenda kanisani. Nyuma ya kanisa, kwenye kipande cha ardhi walichokitoa wazee wa kanisa, ilisimama nyumba ndefu ya vyumba, imekandikwa vizuri, ila juu mapau yalikuwa wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Ilikuwa ya Bonareri na wenzake, wanawake waliokwenda vitani na Kariakori, kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza walipopigana na Wajerumani. Huko walipika, wakabeba mizigo, wakauguza watu hadi Rufiji, kisha wakarudi wakakuta hakuna anayewataka. Waume wao walizikwa huko huko. Wakwe walisema wanawake hao wamerudi na vivuli vya maiti. Vita vilikwisha zamani, chai ikapandwa, kambi za wachumaji zikajengwa, na bado wao walikuwa wakilala majikoni kwa watu, leo hapa, kesho pale, wakifukuzwa kila mmoja wao alipopiga kelele usingizini.

Nao walipiga kelele kweli. Hilo ndilo Bonareri alilotaka kulitibu. Alikuwa amegundua kwamba wakilala pamoja, mmoja akishtuka, mwenzake humwita jina na kumwambia kwamba amekwisha kurudi nyumbani, basi hutulia akalala tena. Dawa nyingine hawakuijua. Kwa hiyo walikata miti wenyewe, wakakanyaga udongo wenyewe, wakapandisha mapau wenyewe, huku Ogola, fundi seremala wa kiwanda cha chai aliyekwenda vita hivyo hivyo, akisimama chini na kuwaelekeza kwa mdomo. Wanawake juu ya mapau! Kedowa nzima ilipita hapo kutazama. Na katika siku hizo, mmoja akiwa juu na misumari mdomoni, mwingine akiwa chini anamwambia, "Kushoto kidogo, nyar Kisii, kushoto," yaani binti wa Kisii, mapenzi yaliwaingia wote wawili bila kubisha hodi.

Lililobaki lilikuwa paa. Nyasi zilikuwa za bure, lakini hakupatikana mwanamume wa kuziezeka, si Mjaluo wala Mkisii. Nyumba ya nyasi huwekwa kijiti kileleni, na kijiti hicho ni cha mwanamume mwenye nyumba. Kinasema yupo, yu hai. Nyumba ya wajane kingewekwa cha nani? Ndiyo maana Bonareri alitaka mabati, yasiyodai kijiti cha mtu. Na ndiyo maana siku hiyo, baada ya ibada, ulikuwa umeitwa mnada: kila mtu alete alicho nacho, kuku au mkungu wa ndizi, kiuzwe, fedha zikanunue paa kabla masika hayajaangusha kuta.

"Sasa mnada ni ya nini?" Ogola alisema, akijaribu kutabasamu. "Paa ndio hii. Nimemaliza kila kitu."

"Nani alikutuma?"

"Lazima nitumwe? Bonareri, mimi nakupenda. Nimeona vile mikono yako imepasuka. Nimeona Marcella akilala nje ya kanisa na hii baridi. Nikajiuliza mimi ni mwanaume gani, naangalia tu."

"Mshahara ya fundi hainunui mkokoteni mzima. Pesa ilitoka wapi?"

Ogola akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vimejaa tope.

"Niliuza ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Zile za Sotik."

Bonareri alizijua. Zilikuwa ng'ombe za mahari ya dada yake Ogola. Mama yake alikuwa amezituma zitunzwe na rafiki yao Mkipsigis kule Sotik, mpaka siku Ogola atakapooa, kwa sababu kwa Wajaluo ng'ombe wa dada ndio humwolea kaka mke. Tena mke mwenyewe alikuwa ameshachaguliwa, binti aitwaye Aoko, wa kwao Seme kando ya ziwa. Mama yake Ogola alikuwa amefika kambini juma hilo hilo kuliharakisha jambo.

"Mama yako anajua?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia!" Bonareri alishika kiuno. Hasira ilikuwa imempanda sasa, na hasira ya Bonareri haikuwa ya kelele. Ilishusha sauti yake mpaka mtu akalazimika kuinama kumsikiliza. "Ogola, wewe ni Mjaluo. Mimi Mkisii ndio nikufundishe mambo ya kwenu? Mjane akiezekewa nyumba na mwanaume, watu wa kwenu wanasema nini?"

"Wanasema amemrithi."

"Na hapa ndani tuko wajane wangapi?"

Jambo hilo halikuwa limemjia Ogola kichwani hata kidogo. Alikuwa amewaza mvua, misumari na uso wa Bonareri, basi. Masikio yalimwaka moto.

"Mimi ni Mkristo. Mambo ya kurithi mimi siko nayo."

"Wewe hauko nayo. Watu wako nayo. Kesho pale kwa kuchuma chai wataimba, nyumba ya Ogola, mabibi ya Ogola. Jerusa ataitwa bibi yako. Marcella ataitwa bibi yako. Na siku ile utakasirika na mimi, ukituambia tutoke, nani atakukataza? Paa ni yako."

"Siwezi kufanya hivyo hata siku moja!"

"Najua." Sauti ikamlegea. "Najua huwezi. Lakini sisi tumeshalala kwa watu wazuri, Ogola. Ndugu yangu Nyang'au ni mtu mzuri. Bibi yake alichoka na mimi, akanitoa nje na mvua, na yeye akakaa tu kwa moto, mzuri vile vile. Mimi sitaki nyumba ya mtu mzuri. Nataka nyumba hakuna mtu anaweza kututoa."

Wakatazamana. Bonareri alitamani kuunyosha mkono na kumpangusa tope lililomrukia shavuni. Alitamani kumwambia kwamba usiku alikuwa akilala na sauti yake masikioni, ile ya "kushoto kidogo," na kwamba tangu Rufiji hakuwahi kusikia sauti ya mwanamume ikimwelekeza bila kumwamrisha. Alimpenda, jamani. Alimpenda mpaka akajiogopa. Lakini nyuma yake kulikuwa na wanawake waliokuwa wakimtegemea, na alijua kwamba akilainika hapo, ameuza nyumba yao kwa tabasamu.

"Na mimi?" Ogola aliuliza polepole. "Kwa hii maneno yote, mimi niko wapi?"

Kabla hajajibiwa, sauti ya mwanamke iliita kutoka njiani. "Wuoda! Mwanangu!"

Alikuwa Adoyo, mama yake Ogola. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, amenyooka mgongo, na meno yake ya chini yaling'olewa kwa mila alipokuwa msichana, kwa hiyo maneno yake yalitoka na upepo kidogo. Maisha yake yote alikuwa akiuza samaki na vyungu kwenye soko la mpakani mwa Wajaluo na Wakisii, na hakuna mtu aliyewahi kumpunja. Aliutazama mkokoteni. Alimtazama mwanawe. Kisha akasema kwa Kijaluo, kwa utulivu:

"Jana yule Mkipsigis wa Sotik alinisalimia sokoni akaniambia hongera, kijana wako ameuza ng'ombe vizuri. Nikadhani anamzungumzia mtu mwingine. Sasa nieleze. Hizi ndizo ng'ombe?"

"Mama, nisikilize kwanza."

"Dada yako amekaa kwa watu Asembo. Anasaga mtama wa watu, anachota maji ya watu, anavumilia mama mkwe asiye na haya. Kwa nini? Ili wewe uoe. Nawe umemgeuza kuwa bati."

Adoyo akakunja nguo yake, akapanda mkokoteni, akaketi juu ya mabati, miguu ameining'iniza.

"Basi nimekalia ng'ombe zangu," alisema, safari hii kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili Bonareri asikie. "Nione mtu atatoa mimi hapa."

"Mama yuko na haki," Bonareri alisema.

"Bonareri!" Ogola alishtuka.

"Yuko na haki. Ingekuwa ni ng'ombe ya mimi ningekufukuza na panga."

Adoyo alimgeukia. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, au kwa matusi, si kwa kuungwa mkono. Akamwangalia mwanamke huyo kuanzia miguuni, nyayo zake pana zilizojaa makovu, mpaka kichwani.

"Wewe ndio ile mwanamke ya vita?"

"Ni mimi, Mama."

"Nilifikiri uko na pembe."

"Zilikatika njiani."

Adoyo hakucheka, lakini kitu kilimtikisika kwenye pembe za mdomo. Bonareri akasogea karibu na gurudumu.

"Mama, tusikizane. Leo kuna mnada hapa. Hii mabati iuzwe moja moja, kwa bei ile ile kijana yako alinunua. Pesa yote ni yako, ukanunue ng'ombe tena. Mtu akinunua bati, ataiacha hapa kwa nyumba. Ile watu hawatanunua, beba uende nayo Seme."

"Na kama hakuna mtu atanunua?"

"Utabeba yote. Mimi mwenyewe nitakusaidia kufunga kamba."

"Bonareri, watu hawana hiyo pesa," Ogola alimnong'oneza. "Utakosa kila kitu. Masika ni wiki ijayo!"

"Basi nitakosa," Bonareri alijibu, bila kunong'ona.

Adoyo alifikiri, akiwa ameuma mdomo. Halafu akatema mate kando, kama afanyavyo mchuuzi akikubali bei. "Sawa. Lakini mimi sitoki hapa juu."

Na hakutoka. Ibada ilipokwisha, watu walipotoka kanisani walimkuta bado ameketi juu ya mkokoteni, amekula viazi vyake vya kuchoma, anangoja. Mzee Nyamwange, mzee wa kanisa na mpiga mnada wa siku hiyo, alikuwa Mkisii mfupi mwenye maneno mengi ambaye angeweza kumuuzia mtu kuku wake mwenyewe. Alieleza mambo yalivyo. Akainua bati la kwanza, akaligonga kwa kidole likalia.

"Haya! Nani anaanza?"

Watu walitazama majani.

"Jamani, hii si nyoka. Ni bati. Orina, wewe ni mwanaume mkubwa, nunua."

Orina, mchuma chai mwenye mabega mapana, alikuna kichwa. "Mzee, mimi nikinunua bati, leo usiku bibi yangu ataniuliza nimemwezekea nani."

Watu wakaangua kicheko. Mkewe Orina alicheka zaidi ya wote, na hilo halikumsaidia Nyamwange, maana kicheko kilipokwisha watu walirudi kutazama majani. Ogola alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni, amekunja ngumi ndani ya mifuko. Neno lake moja lingetosha kuzuia aibu hiyo. Alimtazama Bonareri aone kama atamkonyeza, kama atamwomba. Bonareri hakumwangalia.

"Basi wanaume wapumzike," Bonareri alisema, akisogea mbele. "Wanawake wanunue."

"Yaya! Hapana!" alifoka kwa utani Bilhah, bibi kizee wa Kikisii aliyekuwa ameketi mbele kabisa na kikapu cha mayai. "Kwetu mwanamke mzee anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Mimi nikinunua, si watasema Bilhah ameoa mabibi wengi kuliko chifu?"

Hapo Wakisii walishikana mbavu, na Wakipsigis waliokuja kutazama nao wakacheka, kwa sababu jambo hilo kwao lipo. Wajaluo walitafsiriwa, wakacheka baadaye.

"Ndio sababu sitaki mtu mmoja anunue," Bonareri alisema kicheko kilipopungua. "Bati moja, watu wengi. Wewe ulete mayai, yule alete maharagwe, yule senti yake. Nyumba ikiwa na bati ya kila mtu, nani atasimama aseme ni yangu? Akisema, utamwuliza, na ile bati yangu iko wapi? Mimi siombi huruma. Tulibeba mzigo ya watu wote. Nataka watu wote watuwekee paa."

Yalikuwa maneno mazuri, na watu walitikisa vichwa. Lakini kutikisa kichwa si kutoa. Kila mtu alimngoja mwenzake aanze. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Bonareri aliuangalia mkokoteni akawaza jinsi kamba zitakavyofungwa.

Ndipo Marcella alipoinuka.

Marcella alikuwa mwembamba, Mjaluo, mjane wa mtu wa Seme. Hakuwa msemaji. Wengi pale walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake ila usiku, na ile ya usiku ndiyo iliyowafanya wamfukuze. Alisimama ameshika nguo yake kifuani, akasema akiwa amemwelekea Adoyo juu ya mkokoteni:

"Mama Ogola ananijua. Ogola alirudi kutoka vita, akachinjiwa dume. Aliogeshwa, akanyolewa, watu wakaimba jina lake. Mimi nilirudi siku ile ile. Tulitembea njia moja, yeye mbele, mimi nyuma. Nikaenda kwa baba ya bwana yangu, wakafunga mlango. Nikaja kwako, nikasimama kwa lango. Nilisikia harufu ya nyama. Nilisimama mpaka jioni. Uliniona, Mama."

Adoyo aliinamisha macho kwenye mabati aliyoyakalia. Ogola alikuwa amefumba macho. Hilo hakulijua, na lilimwingia kama mwiba.

"Mimi silaumu mtu," Marcella alisema. "Watu waliogopa. Hata mimi najiogopa. Nataka tu mahali nikipiga kelele, mtu aniitike. Ni hiyo tu."

Akaketi, akajifunika uso.

Bilhah ndiye aliyeinuka kwanza. Hakutania tena. Alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake kwa meno, akatoa senti zake, akaviweka kikapu na senti miguuni pa Nyamwange. "Nani anaingia na mimi kwa bati moja? Haraka, nyinyi wasichana, msinitazame!" Wakaja. Wakaja na mayai, mtama, mkungu wa ndizi, na mmoja alivua shanga zake. Bati la kwanza likashushwa chini ya miguu ya Adoyo, likapelekwa kwenye nyumba, na wanawake wakapiga vigelegele.

Nyamwange aliona mwanya, naye hakuwa mtu wa kuuacha. "Wakisii wana bati! Wajaluo wamekuja kufanya nini, kuangalia? Ama samaki imewakwama kwa koo?" Basi! Nani awaambie watu wa ziwa maneno hayo wanyamaze? Wakajikusanya, wakanunua la kwao, wakaongeza la pili ili Mkisii yeyote asilale usingizi. Wakisii wakajibu. Wakipsigis, ambao hakuna aliyewachokoza, wakaona wameachwa nyuma, wakaleta maziwa na mbuzi. Mkewe Orina alimsukuma mumewe mgongoni. "Nenda. Nikikuuliza umemwezekea nani, utasema umeezekea mimi."

Kati ya hayo yote Ogola alitoka kando, akaenda mbele pamoja na wenzake wa kiwandani. Alikuwa na mshahara wake wote mfukoni, na Bonareri alimwona akiugusa. Alijua kwamba wakati huo huo Ogola anaweza kufanya ujeuri wa mapenzi, akanunua yaliyobaki yote kwa jina lake, na watu wangempigia makofi, na kila kitu kingeharibika.

"Mimi na watu wa kiwanda," Ogola alisema, "bati moja. Tuko wengi. Mimi natoa kama hawa wengine."

Akaweka sehemu yake, si zaidi ya mtu aliye kando yake. Kisha akamwangalia Bonareri, na Bonareri akamtazama machoni bila kuficha kitu, mpaka mfanyakazi mwenzake akamkanyaga Ogola mguu ili asogee wengine wapite. Mwanamume aliyeleta mkokoteni mzima asubuhi alimpendeza. Huyu wa jioni, mwenye sehemu ya bati, alimtaka maishani mwake.

Lakini vitu vya watu vina mwisho. Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Londiani, mikono ilikuwa mitupu, vikapu vitupu, na juu ya mkokoteni yalikuwa yamebaki mabati machache ambayo hakuna aliyeweza kuyanunua. Yangetosha chumba kimoja. Adoyo alikuwa bado ameyakalia. Fedha alizokabidhiwa, za senti na za vitu vilivyopigwa mnada, alizifunga kwenye nguo bila kuzihesabu, jambo ambalo halijawahi kuonekana kwenye soko lolote.

"Chumba gani itakosa?" aliuliza.

"Ile ya mwisho," Bonareri alisema. "Yangu."

"Mvua ikikuja?"

"Nitalala kwa Marcella. Yeye anapenda mtu karibu." Bonareri akachukua kamba iliyokuwa imeanguka chini, akaanza kuyafunga mabati yale aliyokuwa ameyashindwa, kama alivyoahidi, fundo baada ya fundo, na hakuacha hata moja legelege. Alikuwa amechoka, na machozi yalikuwa karibu.

Ogola alikuja upande wa pili wa mkokoteni, akaikaza kamba aliyopewa.

"Bonareri," alisema mbele ya mama yake, mbele ya Nyamwange, mbele ya kila mtu ambaye hakuwa amekwenda nyumbani, na wengi hawakuwa wamekwenda. "Asubuhi nilikuja kukuuliza na mabati. Nilikosea. Sasa sina mabati, sina ng'ombe, niko na nyundo tu. Nikikuuliza hivi, utanijibu?"

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

"Nitakubali." Alilisema wazi, bila kuinamisha kichwa kama wasichana walivyofundishwa. "Nakupenda, Ogola. Lakini sitatoka hii nyumba mpaka hawa wamelala vizuri. Hata kama ni mwaka. Unaweza kungoja?"

"Naweza."

"Na mimi sijakubali," Adoyo alisema kutoka juu.

Wote wawili wakamwinulia macho.

"Msifikiri nimekubali kitu. Kuna Aoko. Kuna watu wa Aoko. Na mimi sijawahi kuona bibi ameletwa nyumbani kutoka vita." Alijipangusa magoti. "Hii mabati imebaki naenda nayo Seme. Mtu anaitaka, aifuate. Lakini asije kama kitu ya kuokotwa. Aje mchana, nimuone vizuri. Na aje na watu wake, kama binti ya watu."

Ogola alijua kwamba Nyang'au hangekwenda Seme kumsindikiza dada aliyemwacha atolewe kwenye mvua, na mama yake alijua kwamba wanawake hao hawana jamaa wa kuwasindikiza. Kwa hesabu za mama yake, mlango ulikuwa umefungwa kwa adabu.

Bonareri alilivuta fundo la mwisho, akaliachia. Akageuka akawatazama wenzake waliokuwa wameketi kwenye kizingiti cha nyumba yao: Jerusa na fimbo yake, maana funza wa Rufiji walimla vidole vya miguu, Marcella, uso bado umefunikwa nusu, na wengine, kila mmoja na kovu lake.

"Watu wangu ni hawa, Mama," alisema. "Nitakuja nao."

Adoyo aliwaangalia mmoja mmoja. Alipofika kwa Marcella macho yake yalikaa hapo muda mrefu, na Marcella, ambaye hakuwa mtu wa kutazamana, safari hii hakuangalia chini. Upepo wa mvua ulipita, ng'ombe wa mkokoteni wakatikisa nira.

"Yawa, jamani," Adoyo alisema mwishowe, akijifunga kitambaa kichwani. "Basi itabidi nipike chakula mingi."

Akamwambia mwenye ng'ombe waondoke upesi, kwa sababu mvua inakuja na ile njia ya Londiani si ya kuchezea.